Siemens LOGO! kwenye mashine ya chakula cha kuku, Moshi: nimeifunga mara mbili

Kioo kilisema mota imezimwa. LOGO! ni kidhibiti kidogo kinachowasha na kuzima mashine kwa programu. Kwenye kioo chake kuna mstari wenye herufi Q, yaani matokeo ya kwenda kwenye mashine, na namba zake, na namba ya kinachofanya kazi huwekewa kivuli. Kijana wangu alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu kwa mkono uliobaki huru. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya paneli, nikakiona kivuli cha namba 1 kinatoka. Parafujo ya kupandishia mahindi haikusimama. Mkono wa ovaroli yake ulikuwa umeshikwa, unavutwa kuelekea kwenye hopa, naye anabonyeza tena na tena kwa kiganja. Nilikimbia hatua kama nane hadi kwenye swichi kuu ukutani, nikaishusha. Alishonwa nyuzi kumi na moja chini ya kiwiko. Namshukuru Mungu mkono upo na bado yuko nami kazini.

Nimekaa na jambo hili karibu miaka miwili. Leo naandika maoni yangu kuhusu kifaa chenyewe, kile nilichonunua kwanza na kile ninachotumia sasa, na kuhusu kazi ya fundi aliyefunga nyaya upya. Wenye mashine kama zangu ni wengi hapa Moshi na Arusha, na najua mnauziwa vifaa hivi kwa maneno mazuri.

Karakana yangu iko upande wa Majengo. Tunaparaza mahindi, tunachanganya na pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na premiksi, tunafunga mifuko ya kilo 50. Mikisa ni ya wima, mota yake ni ya fezi tatu, kilowati 5.5. Parafujo ya kulishia ina mota ndogo ya fezi moja, hospawa moja. Zamani kila kitu kiliwashwa kwa mkono, na mara nyingi mikisa ilijaa mpaka mahindi yakamwagika. Nikashauriwa niweke kidhibiti kinachopangiwa programu: sensa ikiona mikisa imejaa, parafujo inasimama yenyewe, mikisa inazunguka dakika kumi na tano, taa inawaka, tunafungua mlango wa chini. Kidhibiti chenyewe ni LOGO! 230RCE ya Siemens, kilitoka Dar es Salaam kwa basi, nikakipokea stendi kikiwa kwenye boksi lake. Kina upana wa kama sentimita saba tu. Ingizo nane, matokeo manne ya rilei (swichi ndogo za ndani zinazofungwa na kufunguliwa na programu), kioo kidogo cha mistari sita na vitufe vya kupangia programu hapo hapo bila kompyuta.

Kwa kazi yenyewe sina ubaya wa kukisema. Miezi mitano hakikukosea hata mara moja. Mchanganyiko ulikuwa sawa kila mfuko, na wateja wa kuku wa mayai walianza kuniambia. Ndiyo maana siku ile nilidhani kifaa kimeharibika chenyewe. Baadaye nikaelewa kwamba programu ilifanya kila ilichoambiwa, na makosa yote yalikuwa kwenye nyaya.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alichukua umeme wa mota ya parafujo akaupitisha moja kwa moja kwenye Q1, tokeo la kwanza. Hakuweka kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayobeba umeme wa mota. Nilipomuuliza baadaye alinionyesha maandishi ya usoni mwa kifaa: rilei, 10A. Mota yangu inakula kama ampea sita, kwa hiyo kwake hesabu ilitosha. Lakini hiyo kumi ni ya mzigo mlaini kama hita. Kwa mzigo wenye koili, na mota ni mmoja wao, kijitabu kinasema ampea 3. Tena mota inapoanza hunywa mara kadhaa ya hiyo sita. Kila parafujo ilipowaka, vile vidole viwili vidogo ndani ya rilei vilipigwa cheche, mpaka siku moja vikayeyuka vikashikana. Programu ikaamuru Q1 ifunguke, kioo kikaonyesha imefunguka, na ndani chuma kimeshikana na chuma. Kifaa hakina namna ya kujua kwamba rilei yake imeganda.

Kosa la pili ndilo lililokaribia kuchukua mkono wa mtu. Kitufe chekundu cha dharura kilifungwa kama ingizo tu, I3. Ukikibonyeza unaiomba programu izime, na programu inaiomba rilei. Rilei ikishaganda, ombi lako limeishia hapo. Ningependa kila mwenye mashine aende leo akamuulize fundi wake swali hili moja: kitufe chekundu kinakata umeme wenyewe, au kinapeleka habari? Akisema kinapeleka habari, mashine hiyo isimame mpaka ifungwe upya. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinalitaka jambo hili, na hata kijitabu cha S7-1200, ndugu mkubwa wa LOGO!, kinaonya wazi kwamba vidhibiti vinaweza kuharibika vikiwa katika hali ya hatari, na kinga ya dharura isitegemee kidhibiti.

Fundi wa pili ni binti aliyesomea VETA hapa Moshi, kisha akaendelea Chuo cha Ufundi Arusha. Nilielekezwa kwake na mwenye mashine ya kukoboa kahawa. Simu ya kwanza sikumwambia habari ya ajali, nilisema tu paneli ina shida. Akauliza, "Mama, mashine imezimwa sasa hivi au inafanya kazi?" Nikasema inafanya kazi kidogo kidogo kwa swichi ya mkono. "Naomba uizime mpaka nifike." Alipofika alionyesha leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bila kuombwa, na hilo lilinipa moyo, kwa maana yule wa kwanza sikuwahi hata kufikiria kumuuliza.

Saa moja ile ya mwanzo nataka niieleze polepole, sababu ndiyo iliyonifanya nimwamini. Hakugusa paneli. Alishusha swichi kuu, akatoa kufuli dogo jekundu kwenye begi, akalifunga kwenye mkono wa swichi, na ufunguo akautia mfukoni mwa suruali yake. Akatundika kikadi: fundi yupo kazini, usiwashe. Akachukua mita yenye pini mbili, si ile tesita ya bisibisi yenye kitaa, akaipima kwanza kwenye soketi ya ofisini kwangu. Mita ikaonyesha volti 231. Ndipo akafungua paneli na kupima. Fezi kwa fezi, sifuri. Fezi kwa nyutro, sifuri. Fezi kwa ethi, sifuri. Halafu waya mmoja mweusi uliokuwa umejikunja kwenye kona ya chini: 229.

Swichi kuu iko chini, imefungwa kufuli, na kuna waya wenye umeme kamili ndani ya paneli.

Akarudi nyuma hatua moja, akaniita. Ulikuwa waya wa taa ya nje ya geti. Yule wa kwanza aliona paneli iko karibu na ukuta akapitishia humo waya unaotoka kwenye breka nyingine kabisa. Angekuwa fundi wa kuamini swichi tu, angeushika. Tukaitafuta breka ya taa, ikazimwa, akapima tena, kisha akarudi kupima soketi ya ofisini ahakikishe mita yenyewe haijafa katikati ya kazi. Kabla hajagusa skrubu hata moja, saa nzima ilikuwa imepita. Nilikuwa namlipa kwa kazi, si kwa saa, kwa hiyo hakuwa anavuta muda.

Alipoanza kufungua alivuta kila waya kidogo kwa vidole. Wa nne ulitoka wenyewe mkononi mwake. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatwa nusu ili waya mnene uingie kwenye tundu dogo. Matundu ya LOGO! hupokea waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 au miwili ya 1.5, basi, na skrubu zake hazihitaji nguvu, kijitabu kinasema 0.5 Nm ndiyo mwisho. Waya huo ulikuwa wa 4.

Kisha akaomba nikubali awashe kwa dakika moja, watu wote wakae mbali na mashine, apime jambo moja. Akaweka pini kati ya I2 na I3. Mita ikaandika 398. Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwenye hiyo 230RCE ingizo ziko makundi mawili, nne na nne, na ndani ya kundi moja zote lazima zitoke fezi moja. Makundi mawili yanaweza kutofautiana, ndani ya kundi hapana. Fundi wa kwanza alichota fezi popote palipokuwa karibu. Kwa hiyo kati ya vitundu viwili vya jirani, vilivyoachana kwa milimita chache, kulikuwa na umeme wa fezi mbili. Na vitufe vya kuwashia, vile kijana anavyovigusa akiwa na mikono yenye majimaji ya dagaa, vyote vilikuwa vya volti 230 kwenye mwili wa mashine ya chuma.

Ndipo akanishauri nisirudishie 230RCE bali nichukue 12/24RCE, kifaa kile kile kwa sura ila kinaendeshwa na volti 24. Kwa hiyo vitufe vyote na sensa zote pale nje zina volti 24 tu, waya ukichubuka haumuui mtu. Niliumia kununua cha pili, sikatai. Kifaa 560,000, pawa saplai, kontakta tatu za koili (sumaku) ya volti 24, ovalodi mbili za kukata mota ikizidiwa, kitufe kipya cha dharura, boksi lenye mpira mlangoni, na ufundi 400,000. Jumla ilipita kidogo milioni mbili. Kilo 50 za chakula nauza kwa faida ndogo sana, mnaweza kupiga hesabu ni mifuko mingapi. Sijutii hata shilingi moja.

Alivyofunga sasa, nieleze kwa lugha yetu ya karakana. Volti 24 zinazokwenda kwenye koili za kontakta zinapita kwanza kwenye kitufe chekundu. Kitufe hicho mguso wake umefungwa muda wote, ukikibonyeza unafunguka, koili zote zinakosa umeme, kontakta zote zinaachia. LOGO! haiulizwi. Inapewa habari tu kwa mguso wa pili wa kitufe hicho hicho ili kioo kiandike DHARURA na programu ianze upya. Baada ya kitufe ndipo umeme unaingia Q1, unatoka unapita kwenye ovalodi, namba 95 na 96, unaingia A1 ya koili, unarudi kwa A2. Mota haigusi LOGO! tena, ni kontakta ndiyo inayobeba mzigo.

Nikamuuliza kama mama niliyekwisha kuona: je, kontakta nayo ikiganda? Akafurahi kuulizwa. Ndiyo sababu aliweka ya tatu, kubwa, mbele ya zile mbili. Ukibonyeza dharura zinaachia ya mbele na ya nyuma, na mpaka zigande mbili siku moja ni jambo la nadra. Alisema kwa mashine kama presi ya chuma, ambako mikono huingia kila mara, asingeridhika na hivyo, angeweka rilei maalumu ya usalama yenye njia mbili inayojikagua yenyewe.

Hiyo kontakta ya mbele inajishikilia yenyewe kwa mguso wake wa 13 na 14. Faida yake niliiona wiki ile ile. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi baada ya dakika ishirini, na mashine ikakaa kimya mpaka tulipobonyeza kitufe cha kijani. Zamani umeme ukirudi parafujo ilianza kuzunguka yenyewe, hata kama mtu ameingiza mkono kutoa gunzi. LOGO! umeme ukirudi huanza programu yake mara moja, ndivyo ilivyotengenezwa. Ni nyaya na programu ndivyo vinavyoamua kama mota nayo ianze.

Kuna jambo dogo ambalo sikulitegemea. Upande wa sifuri wa zile volti 24 ameuunganisha na ethi, sehemu moja tu, ndani ya paneli. Nilidhani ni kosa. Akaniambia nifikirie panya. Stoo ya chakula cha kuku haikosi panya. Panya akitafuna waya wa kitufe cha kuwashia, shaba ikagusa mwili wa mashine, bila ethi ile hakuna dalili yoyote. Akitafuna na wa pili, mashine inaweza kuwaka bila mtu kuigusa. Ikiwa sifuri imefungwa kwenye ethi, mguso wa kwanza tu unakata fyuzi. Kitufe cha kusimamisha nacho kimefungwa kwa mguso uliofungwa, panya akikata waya wake mashine inasimama. Mwezi wa tatu jambo hilo lilitokea kweli. Asubuhi fyuzi imekatika, tukafuata waya, tukakuta meno.

Mengine nayapitia haraka. Kila koili ina diodi, mstari wake upande wa chanya, isipige cheche kurudi kwenye rilei za LOGO!. Nyaya za sensa hazilali pamoja na za mota. Kila waya una feruli, kile kikofia cha ncha ya waya, na namba. Mlango wa boksi, kwa sababu ni wa chuma, una waya wake wa kijani na njano, ingawa LOGO! yenyewe haihitaji ethi. Matundu ya boksi yasiyotumika yamezibwa, maana kifaa ni IP20, yaani hakina kinga ya vumbi, na vumbi la unga likijaa kwenye terminali na kupata cheche ni hatari ya moto. Boksi amelihamisha kutoka ukuta wa magharibi, uliokuwa ukipigwa jua la mchana chini ya bati.

Rangi alizishughulikia kwa uangalifu mkubwa. Jengo langu ni la zamani, humo fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Nyaya mpya dukani fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ndiyo bluu. Nyeusi ya ukutani na nyeusi ya kwenye paneli ni vitu viwili vya kuuana. Pale zinapokutana amebandika karatasi ya onyo ndani ya mlango na kuvisha kila waya kipande cha rangi sahihi.

Kasoro zipo. Fundi alichelewa siku ya pili hadi saa tano bila kupiga simu, wafanyakazi wanne wakakaa bure. Makadirio yake ya mwanzo hayakuwa na kontakta ya tatu, nikaambiwa katikati ya kazi. Mchoro safi ulikuja baada ya wiki moja, siku zile tulikuwa na wa penseli. Kwa LOGO! yenyewe, kijitabu hakina Kiswahili, na yale maandishi ya 10A usoni yanapaswa kuwa na ile 3 pembeni yake. Matokeo manne ni machache ukitaka kuongeza mashine, utanunua kipande cha kuongezea. Programu tumeihifadhi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, iko kwenye droo yangu.

Kifaa nakipa nyota nne. Kazi ya yule binti nyota tano, pamoja na kuchelewa kwake.

Kila Jumatatu kabla ya kuwasha kazi, kijana wangu yule yule ndiye anayebonyeza kitufe chekundu parafujo ikiwa inazunguka tupu. Ameomba mwenyewe iwe kazi yake. Anabonyeza, anasikiliza kontakta zikiachia, tak, kwa pamoja, anasubiri parafujo isimame kabisa, kisha anazungusha kitufe kukirudisha na kuhakikisha hakuna kinachowaka mpaka cha kijani kibonyezwe. Anaandika tarehe kwenye daftari lililotundikwa mlangoni, karibu na mchoro. Akikuta kitu hakiko sawa, ana ruhusa yangu kufunga swichi kuu kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, hata kama kuna mteja anasubiri nje na gari.